Anza na besi: ushauri kwa anayetaka kuwapenda Yes

Juzi mpwa wangu kaniuliza, anko hii bendi yako ya Yes, hawa Waingereza wa roki, mtu anaanzia wapi, maana nimefungua wimbo mmoja nimekuta dakika 18 nikafunga. Nikaanza kumjibu kwa voisi noti, nikajikuta nimefika ya tisa na bado sijamaliza, nikaona bora niandike hapa maana najua hayuko peke yake.

Mi Yes nilianza kuwasikia Tanga mwaka 1984, nina miaka 13. Mjomba wangu alikuwa baharia, akirudi likizo anakuja na kanda, na hii haikuwa na kava wala nini, ni ile kanda ya dakika 60 iliyorekodiwa na mwenzake melini, imeandikwa YES kwa bolpeni basi. Upande A ulikuwa na wimbo mmoja tu, Close to the Edge, ule wa albamu ya 1972, na kwa vile wimbo unaisha dakika ya 18 na ushee wakati upande una dakika 30, pale palipobaki mjomba alijazia Marijani Rajabu. Nimeusikia hivo miaka na miaka. Mpaka leo wimbo ule ukiisha, maji na ndege vikififia, sikio langu linamsubiri Marijani aingie.

Mara ya kwanza sikuupenda, niseme ukweli. Unaanza na sauti ya maji na ndege, taratibu, umeshatulia, alafu ghafla wanaingia wote kwa pamoja, gitaa linakimbilia huku, dramu kule, hujui umshike nani. Mi nilichokishika ni besi, na nadhani ndo kilichoniokoa.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ndo huo, anza na besi. Sisi tuliokulia kwenye dansi tunajua kila gitaa lina kazi yake, solo linatamba, ridhimu inajaza, besi inakaa chini inashikilia nyumba isianguke. Sasa Chris Squire, mpiga besi wa Yes, hakukubali kukaa chini. Besi yake, Rickenbacker, alikuwa anaipiga kwa piki, kile kidude cha kuchapia nyuzi, ndo maana unasikia kila nota imekatwa safi, haivumi tu tumboni, na inatembea, inapanda, inajibizana na mwimbaji kana kwamba nayo ina maneno ya kusema. Huyu bwana utotoni aliimba kwaya ya kanisa London, na mimi naamini kabisa ile besi inaimba kwa sababu hiyo, alishazoea kwamba sauti ya chini nayo ina njia yake.

Chukua albamu ya Fragile, ya mwishoni mwa 1971, weka wimbo wa kwanza, Roundabout, dakika nane na nusu hivi. Ile sauti ya mwanzo inayokuja kama inavutwa kutoka mbali ni nota ya piano imegeuzwa kinyumenyume, we iache ipite. Raundi ya kwanza mfuate Squire peke yake mpaka mwisho, maneno ya mwimbaji, Jon Anderson, yaache kabisa wala usihangaike yana maana gani. Raundi ya pili mfuate Steve Howe kwenye gitaa. Ya tatu Bill Bruford, sikiliza anavyoipiga ile ngoma ndogo, kavu, inagonga mahali ambapo hukuitegemea alafu ukirudia unaona palikuwa ni pale pale pake. Ya nne Rick Wakeman kwenye vinanda, ndo kwanza alikuwa ameingia bendi mwaka huo. Ukifika raundi ya tano bila kujilazimisha utawasikia wote, na hapo hutaki tena mtu akuongeleshe.

Na tafadhali sana, usisikilizie kwenye spika ya simu. Spika ya simu besi haiitoi, unasikia vinanda na sauti nyembamba ya Anderson tu, alafu unasema bendi haina uzito, itakuwaje na uzito wakati nusu ya bendi imebaki ndani ya simu. Tafuta hedifoni, hata za bei ya chini zinazoziba sikio vizuri, au spika ya maana ya jirani.

Sasa habari ya urefu. Mtu aliyekaa na Mario ya Franco ikiwa na karibu robo saa nzima, au aliyekaa kwenye taarabu vinanda na fidla vikapiga weee kabla mwimbaji hajafungua mdomo, huyo haniambii dakika 18 ni nyingi. Masikio yetu yana mazoezi hayo siku nyingi. Tofauti ni kwamba kwenye rumba unajua uchangamfu uko mbele unakuja, unausubiri. Kwenye Close to the Edge inabidi ujue ramani. Ina sehemu nne. Ile vurugu ya mwanzo ipo makusudi, maana katikati, kwenye sehemu ya tatu, kila kitu kinanyamaza, zinabaki sauti za watu zinapishana pole pole, alafu kinaingia kinanda kikubwa cha kanisa, na yale maneno ya kiitikio uliyoyasikia mwanzoni haraka haraka yanarudi mwishoni yamepanuka. Bila ile vurugu ule ukimya haukupi kitu. Ndo maana nakwambia usikate katikati, na usiuweke ukiwa kwenye daladala unapokea simu, subiri usiku watu wamelala.

Kitu cha kutoanzia nacho ni Tales from Topographic Oceans, 1973. Santuri mbili, nyimbo nne, kila mmoja unachukua upande mzima. Mi naipenda sana sasa hivi ila imenichukua miaka mingi, na ujue Wakeman mwenyewe hakuikubali, akaondoka 1974. Ukishindwa usijione huna sikio.

Alafu usiingie kwenye ugomvi wa mashabiki kuhusu nani yumo na nani hayumo. Bendi hii wanamuziki wameingia na kutoka tangu ianze London 1968. Bruford aliondoka mara tu baada ya kurekodi Close to the Edge, bendi iko juu kabisa, akaenda bendi nyingine, King Crimson, na Alan White akaingia kwenye dramu na siku tatu tu za kujifunza nyimbo kabla ya ziara. Hata kwetu tumeyaona, Marijani alitoka bendi ya Safari Trippers akatupatia Dar International, nani leo analalamika? Mimi nilisusa albamu yao ya 90125 ya 1983 kwa muda mrefu kwa sababu kwenye gitaa hayupo Howe, yupo Trevor Rabin kutoka Afrika Kusini, na wimbo wao ukashika namba moja Marekani Januari 1984 nikaona wameuza roho. Nilipokuja kuisikiliza ukubwani nikakuta besi iko pale pale, Squire yule yule. Miaka yote ile nimejinyima bure.

La mwisho linaniuma. Mei 2014 nilikuwa Cardiff kwa masomo, Yes wakaja kupiga Bristol Hippodrome, treni ni kama saa moja, na ziara ile walikuwa wanapiga Close to the Edge yote, albamu nzima. Nikapiga hesabu ya pauni zangu, kodi, kitabu fulani, nikasema ntawaona mwakani. Tarehe 27 Juni 2015 Squire akafariki kwa saratani ya damu, ana miaka 67.

Nilienda 2016, Royal Albert Hall, London. Kabla bendi haijatoka walizima taa, wakaacha mwanga mmoja juu ya besi yake nyeupe imesimama peke yake jukwaani, ikapigwa rekodi ya wimbo wake wa taratibu. Watu wazima ukumbi mzima wamesimama wanalia na mimi nimo. Usiku ule walipiga Fragile yote, na ilipofika The Fish, ambayo ni yake na ndo lilikuwa jina lake la utani, ile aliyorekodi besi juu ya besi juu ya besi, aliipiga Billy Sherwood, akaipiga vizuri kabisa. Nilifumba macho nikaisikiliza kwa heshima yote.

Alan White naye ameondoka, 2022. Howe ni wa 1947, Anderson ni wa 1944, na wote bado wanapanda jukwaani, kila mmoja na bendi yake. Ukisikia wanapiga mji unaoweza kufika, hesabu ya nauli ifanye baadae, tiketi kata leo.

Mpwa wangu nimemwambia aje Jumamosi usiku. Kanda bado ninayo.