Wenyeviti wapya, fungeni vifungo

Juzi nilialikwa mkutano mkuu wa kijiji cha jirani. Mwenyekiti mpya, kijana aliyekwenda kulinda amani Kongo akarudi na jeraha la risasi begani, akaulizwa fedha za kisima zimekwenda wapi. Akafungua vifungo vya shati. "Hili bega mnaliona? Halafu leo mnaniuliza habari za mabomba!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama, maana mchezo huo niliucheza kabla yake.

Haya, ninyi mlioapishwa baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, sikilizeni.

1. Mkutano mkuu ni kila miezi mitatu. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kabla hamjaulizwa. Basi.

2. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Sheria ni ya 1999, wengine mlikuwa bado mnanyonya, lakini mwekezaji anayewaletea soda ameisoma yote.

3. Makovu. Hapa mnivumilie.

Nilikuwa na miaka 21, vita vya Kagera, tulipokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin kule Lukaya, Uganda, Machi 1979. Barabara moja, kinamasi pande zote, na makombora yanakuja. Kipande cha chuma kikaingia paja la kushoto. Kampala ilipoanguka, 11 Aprili, nilisikia redioni nikiwa kitandani. Kovu lina urefu wa kiganja, ngozi yake inang'aa kama nailoni iliyopitiwa na moto. Masika likiwasha silali. Wajukuu wanaliita Mto Kagera kwa sababu limepinda.

Miaka mingi baadaye nikawa mwenyekiti, tukawa tunajenga darasa. Nikasoma taarifa: saruji, mifuko 60. Dada mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa akiwauzia mafundi vitumbua. "Mwenyekiti, mimi nakaa pale tangu asubuhi. Lori lilishusha 40."

Jibu lilikuwa rahisi: twende stoo tukahesabu. Mimi nikapandisha suruali mpaka pajani. "Sisi tulipomwaga damu kuikomboa Kagera, wewe ulikuwa wapi?" Alikuwa hajazaliwa! Makofi, vigelegele. Dada akakaa, akafunika ndoo yake. Mtendaji akaandika kwenye muhtasari: "Hoja imejibiwa." Nikatia saini. Nilirudi nyumbani nikichechemea kuliko mguu ulivyotaka, nawaambieni kweli.

Baada ya miezi minne akaja mkaguzi wa ndani, kijana mpole mwenye miwani. Mifuko 40. Ile 20 ilikuwa imepiga plasta nyumba ya mjumbe mmoja wa kamati ya ujenzi, yule aliyenipigia makofi kuliko wote. Sikula hata mfuko mmoja, lakini saini ni yangu. Mkaguzi akanigeuzia muhtasari. "Mzee, hapa hoja ilijibiwaje?"

Ningemwambia nini? Kwamba ilijibiwa na paja?

Wenzangu wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nawakumbuka, na mwaka ule niliona haya hata kuvaa medali. Nikamwendea yule dada kuomba radhi. Hakusema kitu, akanifungia vitumbua vitatu kwenye gazeti. Aliponipa chenji akasema, "Hesabu kwanza, mwenyekiti."

Darasa lilikaa bila plasta masika mawili. Dada tulimwingiza kamati ya ujenzi. Msumbufu kweli, kila siku yuko stoo, na mpaka namaliza muda wangu haukupotea hata msumari.

4. Mgogoro wa mipaka usiamuliwe ofisini. Vaa buti, nenda shambani.

5. Ya tano nimeisahau, ilihusu muhuri. Msiutembeze mfukoni.

Yule kijana wa Kongo nilimsubiri mpaka watu wakatawanyika.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Funga vifungo. Mabomba mangapi?"

Akakuna bega. Hajui, stoo hajaingia, ufunguo anao mtendaji. Jeraha lake bado bichi, na watu wanampenda, ndiyo hatari yenyewe. Tumekubaliana Jumamosi saa mbili asubuhi. Yeye aje na ufunguo, mimi nakuja na daftari, na yule mama aliyeuliza swali tumemwomba aje ahesabu.