Kahawa Hailimwi Ujerumani, Mbona Inauzwa Kutoka Huko?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa kahawa Kibosho, Moshi. Mwanangu anayesoma Hamburg ameniletea pakiti ya kahawa iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Ujerumani, nchi isiyo na hata mche mmoja wa kahawa. Inakuwaje? Je, ni ushuru ndio unaotuzuia kuwauzia kahawa iliyokwisha kukaangwa?

JIBU: Ndugu msomaji, Ujerumani hununua kahawa mbichi iliyokobolewa, ikaikaanga na kuiuza tena, kiasi kwamba imo katika safu ya mbele ya wauzaji wa kahawa iliyokaangwa duniani. Wengi huulaumu ushuru, lakini kwetu lawama hiyo haina mashiko. Umoja wa Ulaya hutoza asilimia 7.5 kwa kahawa iliyokaangwa, ila Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, imesamehewa tangu 2001. Ipo pia kodi ya kahawa ya Ujerumani, euro 2.19 kwa kilo, lakini hiyo hulipwa hata na mkaangaji wa huko huko.

Kikwazo kikubwa ni muda. Kahawa mbichi iliyokauka vizuri huhifadhika kwa miezi mingi, ilhali iliyokaangwa huanza kupoteza harufu baada ya wiki chache, na meli huzimaliza wiki hizo baharini. Itazame pakiti yako: huenda ikawa na kitundu kidogo upande wa juu, ambacho hutoa gesi inayoendelea kutoka kwenye kahawa baada ya kukaangwa, bila kuruhusu hewa kuingia. Kikwazo cha pili ni mchanganyiko. Mkaangaji wa Hamburg huchanganya arabika ya Brazil, robusta ya Vietnam na pengine kidogo ya kwetu kwa ajili ya uchachu wake, hivyo ladha haibadiliki hata nchi moja ikikosa mavuno. Mkaangaji wa Moshi hutegemea zaidi kahawa ya hapa nyumbani.

Wenzetu wa Ujerumani hawaachi kitu kipotee. Mjini Bremen, kampuni ya Kaffee HAG ilianzishwa 1906 kuuza kahawa iliyoondolewa kafeini, na kafeini inayotolewa kwenye kahawa hununuliwa na watengenezaji wa soda na dawa.

Kwa maoni yangu, soko la kwanza la mkaangaji wa Moshi ni hoteli za Arusha na wageni wanaopanda Kilimanjaro, kwa sababu kahawa aliyoikaanga Jumatatu inaweza kuwafikia Jumanne.