Nimesikia tovuti yako ni nzuri

"Kaka, nimesikia tovuti yako ni nzuri sana. Nimejaribu kukata tiketi mara tatu nimeshindwa. Mimi sioni."

Meseji hiyo iliingia WhatsApp saa nne usiku, siku ya tatu tangu tuzindue tovuti ya kampuni moja ya mabasi (jina naliacha, bado nawadai). Siku hizo tatu nilikuwa natembea kama niliyeshinda ubunge. Ramani ya viti niliichora mwenyewe: viti 45, kijani kiko wazi, chekundu kimechukuliwa, ukikigusa kinageuka bluu na kutikisika kidogo kama kinacheza. Huo mtikisiko peke yake ulinikesha wiki mbili. Vijana wa kikundi chetu waliumwagia emoji za moto hadi nikaanza kujiona fundi.

Jibu nililompa yule bwana ni la aibu, na naliandika hapa ili linitoke. Nilimwambia aombe mtu wa karibu amsaidie. Akajibu kwa upole: "Nafundisha kidato cha nne, kaka. Na hii meseji nimeiandika mwenyewe."

Sikulala vizuri.

Kesho yake nikapakua NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ni ya bure. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran, kisha James Teh akaungana naye, Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni. Nikavaa hedifoni, nikapunguza mwanga wa laptopu mpaka giza, nikafungua kazi yangu ya fahari. Ikatoka sauti ya Mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi hiyo hiyo. "Chagua kiti" ilisikika kama jina la dawa ya minyoo.

Kumbe kiolezo (template) nilichonunua kina kodi (ya kompyuta, si ya TRA) ambayo mstari wake wa juu kabisa umeandikwa lang="en". Yaani mimi mwenyewe nimeitangazia kila mashine kwamba ukurasa huu ni wa Kiingereza. Nikafuta en nikaweka sw, nikachagua sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA, ambayo Kiswahili inakijua, nikafungua upya. Sauti ni ya bati, sitadanganya, lakini maneno yalikuwa maneno. Herufi mbili tu! Miaka minne natengeneza tovuti za Kiswahili na zote nilikuwa nazisajili Uingereza.

Halafu viti. Nikaweka kipanya pembeni, nikabonyeza Tab, kitufe cha kibodi kinachokurusha kutoka kitu hadi kitu. Kutoka kwenye orodha ya safari ikaruka moja kwa moja hadi kitufe cha kulipa. Nikarudi nyuma, nikabonyeza tena. Viti vyote 45 havipo! Kila kimoja nilikijenga kwa div, boksi tupu lisilo na maana yoyote, nikalipaka rangi na kulifundisha kuitikia kidole. Mwenye macho anaona kiti. Kibodi haina pa kutua, na programu ya kusoma skrini haina cha kutaja. Hata ingekifikia, ingesema nini? Kijani? Rangi ndiyo ilikuwa maelezo yangu yote, na wapo watu wenye macho yao mazima ambao kijani na nyekundu kwao ni kitu kimoja.

Nikabomoa. Kila kiti kikawa chekboksi (kiboksi cha kuweka tiki) ya kawaida ya HTML, lugha ya kujengea kurasa za tovuti, yenye lebo yake: "Kiti B3, dirishani, wazi." Kila safu nikaifunga ndani ya fieldset, fremu ya kukusanya viboksi pamoja, yenye jina lake. Vilivyochukuliwa nikaviwekea alama ya X, rangi ikabaki kama pambo. Hapo nikaanguka tena: chekboksi zenyewe niliziona mbaya, nikazificha kwa display:none, zikapotea kwa kila mtu, pamoja na kibodi. Dawa ni kuipamba lebo na kuiacha chekboksi iwepo, hata kama imefanywa isionekane kwa macho. Kazi nzima ilinichukua siku moja na nusu. Na mtikisiko wangu bado upo, msihofu.

Sasa wadogo zangu mnaotaka kula kwa kazi hii, sikilizeni. Tumieni tagi za HTML zenyewe: kitufe kiwe button. Kiungo kiwe a. Kichwa kiwe h1, kinachofuata h2, msikuze maandishi tu mkaita kichwa, maana mwenye NVDA anabonyeza H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, na asipokuta hata kimoja anasoma ukurasa wako kuanzia juu kama risala ya mgeni rasmi. Menyu ikae ndani ya nav, habari yenyewe ndani ya main. Picha iwe na alt, maandishi yanayosema kilichomo. Yangu ya basi ilisomwa "IMG" na tarakimu kumi na kitu. Hayo maandishi ya kijivu juu ya nyeupe mnayoyapenda, WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, inataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Na kabla hujakimbilia ARIA, maelezo ya ziada ya kuiambia programu ya kusoma skrini kitu ni nini, kuirembesha div yako ifanane na kitufe, tumia kitufe. Nimesema kitufe kiwe button? Narudia.

Bosi nilipomweleza aliuliza vipofu wangapi wanapanda basi lake. Nikamtajia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Akacheka, akasema siku moja na nusu hiyo haikuwemo kwenye makubaliano. Kweli haikuwemo. Lakini mtikisiko wa wiki mbili ulikuwemo, na aliulipia akitabasamu. Hilo bado linaniuma.

Ijumaa mwalimu akaniandikia tena. "Tiketi nimepata kaka, kiti A2, jaribio la pili. La kwanza lilinikatikia wakati naandika namba ya simu. Kuna muda unahesabiwa?"

Upo. Dakika tatu, tarakimu nyekundu kwenye kona ya juu, zinateremka kimya kimya. Bosi hataki ziongezwe, anasema watu watashikilia viti bure. Kitufe cha "Niongezee muda" nimeshakiweka kwenye toleo la majaribio, na tangazo la sauti likibaki dakika moja. Nitalipandisha Jumatatu. Bosi sijamwambia.