Katriji ya koili: mkono kwanza, transfoma baadaye

Wengi wakishanunua katriji ya koili (MC), yaani kichwa cha gramafoni ambacho sindano yake hutikisa koili ndogo na kutoa volti kidogo sana, hukimbilia transfoma ya kupandisha volti hizo, na swali lao ni moja: inapandisha mara ngapi? Swali hilo lisubiri. Hakikisha kwanza kwamba katriji na mkono wa gramafoni vinaelewana, maana mkono usiofaa hautibiwi na transfoma yoyote, hata iwe ghali namna gani.

Sindano hukaa kwenye mpira laini, na uzito wa mkono huuchezesha mpira huo kama springi. Kwa pamoja vina mtetemo wao wa asili, ambao unatakiwa uangukie kati ya hezi 8 na 12. Ukiwa chini ya hapo, kila santuri iliyopinda itaurusharusha mkono, na utaziona spika za besi zikiingia na kutoka hata pale ambapo muziki hauna besi. Ukipanda mno, unaanza kugusa noti za chini za muziki wenyewe.

Hesabu yake ni fupi. Jumlisha gramu za uzito tendaji wa mkono (uzito ambao sindano inauhisi mkono unaposogea), za katriji na za skrubu. Zidisha kwa unyumbufu wa sindano (jinsi mpira wake unavyonyumbuka kwa urahisi), tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu ulilopata. Chukua Denon DL-103: katriji ina gramu 8.5 na unyumbufu ulioandikwa ni 5. Hapa pana mtego. Hiyo 5 imepimwa kwenye hezi 100, kama ilivyo desturi ya Wajapani, ilhali hesabu inataka kipimo cha hezi 10. Kwa kukadiria, zidisha kwa 1.5 hadi 2. Tuseme tunapata 9. Skrubu zikiwa gramu 1, mkono wa gramu 10 unaleta hezi 12, yaani ukingoni. Mkono wa gramu 18 unaleta 10, na hapo ndipo penyewe. Mwenye mkono mwepesi anaweza kufunga kishikio cha katriji kilicho kizito zaidi, mradi uzani wa nyuma bado unatosha kusawazisha na kubakiza gramu 2.5 za mgandamizo wa sindano.

Sasa transfoma. Ikipandisha volti mara 20, ukinzani wa amplifaya unaoonekana na katriji hugawanywa kwa 20 mara 20. Tundu la MM, yaani la katriji za sumaku, huwa na omu 47,000, kwa hiyo katriji inaona kama omu 118. Kwa transfoma ya 1:10, yaani inayopandisha mara 10, inaona 470, na kwa 1:40 inaona 29 tu.

DL-103 ina omu 40 za ndani na hutoa milivolti 0.3. Ukiweka 1:10, amplifaya inapokea takriban milivolti 2.8. Ukiweka 1:20, inapokea 4.5. Kwa 1:30 inafika 5.1, na kwa 1:40 inabaki pale pale 5.1, kwa sababu sehemu kubwa ya volti sasa inapotelea ndani ya katriji yenyewe. Umelipia mizunguko zaidi ya waya, umepata sauti iliyobanwa. Kwa katriji hii mimi ningechagua 1:10, na pale tu amplifaya inapokuwa dhaifu ningepanda hadi 1:20. Katriji ya omu 2 yenye milivolti 0.2 ni habari nyingine: hiyo inaistahili 1:30, na itatoa karibu milivolti 5.8 bila shida.

Ukikuta transfoma imeandikwa omu 3 au omu 40, usidhani huo ndio mzigo, yaani ukinzani ambao katriji itauona. Ni ukinzani wa katriji iliyokusudiwa.

Transfoma huchomekwa kwenye tundu la MM, kamwe si la MC. Tundu la MC lenye omu 100, likipitia transfoma ya 1:20, linaonekana kwa katriji kama robo ya omu, na karibu sauti yote inamezwa.

Waya kutoka transfoma hadi amplifaya uwe mfupi. Kapasitansi yake nayo huzidishwa kwa mraba wa uwiano: pikofaradi 100 kwa 1:20 zinakuwa 40,000 machoni pa katriji, na noti za juu ndizo zinazoharibika.

Mngurumo ukitokea, iweke transfoma mbali na mota na vifaa vya umeme, halafu izungushe taratibu ilipo. Kuna pembe ambapo mngurumo hupungua ghafla. Waya wa ardhi wa mkono ufungwe kwenye skrubu ya transfoma, na kutoka hapo waya mmoja tu uende kwenye amplifaya. Ukihisi kuna koili iliyokatika, usiipime kwa mita ya omu. Mkondo wake unaweza kuunguza waya mwembamba wa katriji, na kwenye transfoma unaweza kuacha usumaku katika kiini.