Mimi nasema kijivu cha dagaa

Ndugu yangu, umeuliza utete, yaani hali ya kitu kuvunjika upesi, ungekuwa na rangi gani. Wengi wanataja nyeupe, kwa ajili ya ganda la yai. Mimi nakataa. Nyeupe kwetu ina kazi nyingine: moyo mweupe ni moyo usio na kinyongo, na moyo wa namna hiyo una nguvu sana.

Nachagua kijivu kile kinachong'aa kama fedha, na nimekitoa Mwaloni, Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria. Mchukue dagaa wa ziwa letu aliyevuliwa kwa taa usiku wa giza, bado mbichi. Mguse tu. Magamba yanabaki kidoleni, mng'ao wote umekuhamia wewe, naye kafifia pale pale. Akishaanikwa mchangani akakauka, ukimkunja kidogo kichwa kinakatika. Na mvua ikimnyeshea kabla hajakauka, mama aliyemwanika kapoteza mtaji na ada ya mtoto kwa mpigo mmoja. Hiyo ndiyo rangi ninayoiona nikisikia neno utete.

Lugha yenyewe inaniunga mkono. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zina maneno yake kabisa, lakini rangi nyingi nyingine tumezipa majina ya vitu: kijani kwa jani, zambarau kwa tunda, kijivu kwa jivu. Na jivu unalijua. Ukuni umeungua wote jikoni, bado umeshikilia umbo lake, ukipuliza tu haupo.