Kabla Hujalipia Safari ya Kuzamia, Muulize Anayebaki Juu

Kila msimu wa kaskazi, vijana wa Nairobi na Mombasa hutujia Malindi na Watamu wakiwa wametoka kumaliza kozi ya kwanza ya kuzamia, ile inayomruhusu mtu kushuka hadi mita 18. Wakifika ofisini huuliza bei, halafu huuliza kama watamwona papa shilingi. Si maswali mabaya. Ila mimi ninayeshinda botini nawaomba mtangulize jingine: sisi tukiwa chini, juu anabaki nani?

Bahari yetu haitulii. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na mkondo ukishika kasi kwenye mlango wa Mida, hori la Watamu, hakuna miguu itakayoushinda. Unashukia hapa, unaibukia kwingine kabisa. Anayekurudisha nyumbani ni nahodha anayefuata mapovu yako, injini tayari, macho majini wala si kwenye simu. Kwa hiyo usiishie kwa mwalimu na vyeti vyake ukutani. Teremka ufukweni saa boti zinaporudi, utazame. Juu alibaki mtu mmoja au wawili? Wazamiaji waliopanda waliitwa kwa majina au walihesabiwa vichwa tu? Mimi nataka majina. Mwaka 1998, kwenye Great Barrier Reef huko Australia, mume na mke waliachwa baharini kwa sababu hesabu ya chomboni haikuwa sahihi. Wenye boti waligundua baada ya siku mbili, na wawili hao hawakuonekana tena.

Ukimaliza kutazama, zungumza na nahodha mwenyewe. Mwamkie, kisha umuulize leo maji yanapwa saa ngapi na mkondo utaelekea wapi. Mwombe akuonyeshe mtungi wa oksijeni ya dharura, aufungue, uisome geji, yaani kipimo cha shinikizo, kwa macho yako. Kuambiwa tu kwamba upo hakutoshi. Muulize pia mtu akipanda na maumivu ya viungo au ganzi, dalili za ugonjwa wa kuzamia, atapelekwa wapi na kwa njia gani. Aliyejiandaa hujibu papo hapo.

Nahodha mkweli atakueleza na habari za Mto Sabaki, maana hizo ndizo zinazowapotezea wageni pesa zao. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto huu hubeba udongo hadi baharini, kaskazini mwa mji wa Malindi. Kaskazi ikianza kuvuma, tope lile husukumwa kusini hadi kwenye matumbawe yetu, na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Siku kama hizo kampuni nzuri hukuhamishia Watamu au hukwambia usubiri. Inayokuapia kwamba maji ni safi kabla hata ya kuitazama bahari, achana nayo. Kusi likichafuka, boti ikikataa kutoka, usimshurutishe mtu.

Tiketi ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, ni lazima, kwani Malindi na Watamu ni hifadhi za baharini tangu 1968. Uliza tu kama imo ndani ya bei.

Yuko pia mtu mwingine wa juu ambaye wageni hawamwoni: anayejaza mitungi. Omba uonyeshwe kompresa, mashine ya kushindilia hewa mitungini. Kama inaendeshwa kwa petroli au dizeli, fuatilia bomba linalovuta hewa uone mdomo wake uko wapi. Mdomo huo ukiwa karibu na moshi wa injini, mitungi inajazwa kaboni monoksidi, nayo haina rangi wala harufu. Moshi na mafuta, hata hivyo, vina harufu. Fungua valvu kidogo, unuse. Ukihisi chochote, mtungi huo usiuguse. Halafu funga regulata, kifaa cha kuvutia pumzi, kwenye mtungi, fungua valvu, uvute pumzi tatu nne huku umekazia macho mshale wa geji. Mshale ukitulia, sawa. Ukishuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, valvu haijafunguka vizuri, na jambo hilo unataka kulijua ukiwa botini, si ukiwa mita 18 chini.

Sasa wale mnaoweka akiba kwa ajili ya boti za kulala. Kwa kawaida safari hizo mtazifuata Maldivi au Misri, na huko utazamia mara tatu au nne kwa siku na kulala baharini wiki nzima. Swali langu ni lile lile, ila hapa naulizia usiku: nani anakesha? Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya Conception iliungua pwani ya California na watu 34 wakafa, wote waliokuwa wamelala chumba cha chini. Wachunguzi walikuta hapakuwa na mlinzi wa zamu. Chumba kile kilikuwa na njia mbili za kutokea, lakini zote mbili zilipandia ukumbi mmoja, na ukumbi ndio uliokuwa unawaka moto. Basi ukipanda boti ya namna hiyo, kabla hata ya kufungua begi, pita njia zote mbili kwa miguu yako uone zinakutoa wapi. Uliza betri za taa na kamera huchajiwa wapi, na kama kuna anayezitazama watu wakilala. Wakikupa chumba cha chini chenye mlango mmoja, dai kingine. Bei nafuu isikufumbe macho hapo.

La mwisho ni la kurudi. Ukishazamia siku kadhaa mfululizo, kaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Wengi wanalijua hilo, lakini wanasahau kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa chini mwili hunyonya naitrojeni ya hewa unayovuta, na ukipanda juu mapema mno hiyo hugeuka mapovu mwilini. Mwili wenye naitrojeni haujali kama umeupandisha huko kwa ndege, treni au basi. Nimewaona watu wakizamia asubuhi na jioni wakakata tiketi ya basi la usiku, na hakuna aliyewazuia, kwa kuwa kampuni ilishalipwa. Itakayokuuliza unasafiri lini kabla ya kukupangia siku ya mwisho, hiyo ilipe hata ikizidi bei. Siku hiyo ya mwisho nenda ukaone magofu ya Gede, basi ulipande usiku.