Kihisi cha mguso hakirudi sifuri: ninunue programu ya kuchuja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa nne wa uhandisi, naishi Ubungo. Natengeneza kidole cha roboti laini cha kushika nyanya: nje silikoni, ndani kipande cha Velostat (plastiki inayohisi mbano) kilichoungwa kwenye Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta kinachosoma kihisi. Asubuhi nikikiwekea nusu kilo kinasoma 412, saa nane mchana kinasoma 530, na nikitoa mzigo hakirudi sifuri. Kuna jamaa ananiuzia programu ya kuchuja kwa elfu hamsini, anasema itanyoosha kila kitu. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Hiyo elfu hamsini ibaki mfukoni.

Kila msimu wa miradi naletewa kidole hiki hiki na dawa hii hii. Kuchuja kunatuliza namba inayorukaruka. Yako hairukiruki, imehama. Ukiichuja utapata namba iliyohama na kutulia.

Ugonjwa uko kwenye malighafi. Velostat ni plastiki iliyojazwa kaboni. Ukiibana, chembe za kaboni zinagusana zaidi na umeme unapita kirahisi. Ukiachia, plastiki na silikoni hurudi polepole, na chembe hazirudi pale pale zilipokuwa. Ni kama godoro la sponji: umeshaamka, shimo la bega bado lipo. Ndiyo maana uzito mmoja unakuwa na namba mbili, moja ukiongeza mzigo, nyingine ukipunguza. Wenyewe tunaita histeresisi. Joto na unyevu wa Dar navyo vinaisukuma namba kivyake.

Laza kidole mezani, weka kibao juu yake, na juu ya kibao chupa tupu. Mililita 100 za maji ni gramu 100, mizani ya nini? Ongeza mia mia hadi nusu lita, kila hatua subiri dakika nzima ndipo uandike. Kisha punguza mia mia vilevile. Fanya asubuhi, rudia saa nane mchana, chora mistari yote minne kwenye karatasi moja. Pengo kati ya mistari ndiyo hali halisi ya kihisi chako. Usidai kupima kitu kidogo kuliko pengo hilo.

Bahati yako, nyanya haihitaji ujue nguvu kamili kwa nyutoni. Inatosha kujua umeigusa au inateleza. Soma mabadiliko ya sekunde moja mbili, na chukua sifuri mpya kila kabla ya kushika. (Kama silikoni yako ni ile gundi ya bafuni inayonuka siki, anza upya: hukauka kutoka nje kwenda ndani, na asidi yake inakula shaba ya nyaya.)

GelSight ya chuo cha MIT, Marekani, na TacTip ya Bristol, Uingereza, nazo ni vihisi vya mguso, ila zilikwepa kaboni kabisa. Kamera hukaa ndani ikitazama ngozi laini inavyobonyea. Hata hizo, ngozi huchakaa ikabadilishwa.

Kinachoniudhi ni kwamba wauza programu wameshahamia kwenye mikono bandia "yenye hisia". Mkono mmoja niliuona ukirekebishwa vipimo kwenye chumba chenye kiyoyozi, ukashika kikombe cha plastiki vizuri kabisa, watu wakapiga makofi. Mchana tukautoa barazani. Kikombe kilekile, chai ya moto ndani, ukakiminya mpaka kikapasuka. Fundi akasema ataurekebisha kwenye programu.